Mtu Aliyekuja Kulikagua Gari la Baba

Sikuota, na haikuwa usiku. Naanzia hapo kwa sababu kila ninayemsimulia ananiuliza kwanza kama nilikuwa nimelala. Ilikuwa Jumapili asubuhi, jua limeshapanda, misa inaendelea na kwaya inasikika kwenye spika mpaka kwetu Singe. Kama unataka kisa cha mbalamwezi na bundi, tafuta kwa mwingine. Hiki changu kina jua kali, kina kigari kuukuu, na kina mguu wa mama yangu. Usiponiamini shauri yako. Mimi nasema nilichokiona.

Kwanza gari, maana bila gari hakuna kisa. Baba alilinunua likiwa limeshatumika, mimi nikiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Ni kigari cha milango mitano, kile ambacho vijana wa stendi wanakiita bebiwoka. Injini yake ya petroli ni ndogo. Kwenye tambarare linakwenda vizuri tu na mafuta halili, lakini lionyeshe mlima likiwa na watu wanne, utasikia linavyolalamika. Redio inaongea Kijapani mpaka leo. Mlango wa nyuma wa kushoto unafunguka kwa nje tu. Buti halisimami lenyewe, tunaliegemeza na ufito. Rangi ilikuwa nyekundu, sasa hivi sijui niiite nini.

Na lina ugonjwa mmoja ulioanza uzeeni: haliwaki bila kusukumwa. Betri ikikaa kidogo tu imekufa. Zamani halikuwa tatizo. Baba alikuwa anafungua geti, anapiga mluzi, wanatoka majirani wawili watatu wanacheka, wanasukuma mpaka linakohoa na kuwaka, wanamwambia Mwalimu nunua ng'ombe akuvute. Yeye anacheka, anawapungia mkono, huyo anaenda shuleni kwake. Kiukweli gari kuukuu ni gari la majirani. Bila watu wa kulisukuma ni banda la kuku lenye matairi.

Sasa sikia. Baba akafa kwa presha, na alipozikwa tu nyumba yetu ikatengwa.

Wazee wetu waliotoka Mbulu wanaita metimani. Mwanamke akifiwa na mume, au mtoto mchanga akifa, au jambo lingine zito likiingia kwenye nyumba, basi ile nyumba ina uchafu wa kifo, na uchafu ule unaambukiza. Huingii kwao, wao hawaingii kwako. Huwaombi kiberiti, huwapi chumvi, hunywi kwa kikombe chao, hushiki chombo chao, mpaka muda upite na wazee waje kuisafisha nyumba. Padri anakataza. Waliosoma wanacheka. Wengi hapa mjini wameshaacha, na mtu wa Babati akisoma hapa atasema nawasingizia watu. Sawa. Njoo mtaani kwetu uone.

Hakuna aliyetutukana, ndiyo maana inauma. Walikuwa wanatusalimia kutokea ng'ambo ya barabara, poleni, tunawaombea, huku miguu inaendelea na safari. Mama Felista, ambaye toka nazaliwa anaingia jikoni kwetu bila hodi na anafunua sufuria, akinikuta bombani anasimama mbali anasubiri nichote niondoke. Fundi wa gari nilimpigia aje atazame betri. Akasema kesho. Hiyo kesho yake ilikuwa ndefu mpaka matairi yakaanza kuishiwa upepo pale pale uani. Kaka yangu Paulo yuko Mirerani kwenye machimbo. Nyumbani tulibaki mimi na Mama, wanawake wawili na gari lisilowaka.

Jumapili hiyo Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachuma majani ya maboga. Sikusikia kelele yoyote. Nilimsikia akiniita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaka nimletee ungo. Nikamkuta amekaa chini, ameshika mguu juu kidogo ya kifundo. Kifutu. Yule nyoka mnene, mvivu, ambaye hamkimbii mtu. Alikuwa bado anajikokota taratibu kuingia kwenye majani, kana kwamba yeye ndiye mwenye shamba.

Mama mdogo, mdogo wake Mama, ni nesi kwenye hospitali ya misheni, ile ya mlimani ukishapita Mutuka. Nikampigia. Akaniambia usimfunge kamba, usimchanje, asitembee, mlete huku sasa hivi, dawa ya nyoka tunayo. Akarudia: sasa hivi.

Nikambeba Mama nikamlaza sebuleni, nikampigia bodaboda. Akauliza, ni kwa marehemu Mwalimu? Nikasema ndiyo. Akasema dada, mimi niko mbali sana, niko Nakwa. Niamini, nilikuwa namwona. Nilikuwa dirishani na yeye amekaa juu ya pikipiki yake pale kwenye kona, simu sikioni. Wa pili hakupokea. Wa bajaji alipokea, akasikia jina, simu ikakatika. Wengine wote walikuwa kanisani wanaimba.

Nikachukua funguo. Kuendesha najua, Baba alinifundisha nilipomaliza kidato cha nne. Nikazungusha, gari likasema tik, likanyamaza. Nikatia gia huru, nikatoka, nikaweka bega kwenye fremu ya mlango nikasukuma. Umewahi kusukuma gari peke yako huku mama yako amelala sebuleni mguu unavimba? Lilisogea kidogo, likanirudia. Nikasukuma tena. Nilikuwa nalia, si kwa huzuni, kwa hasira. Nilipoinua kichwa mtu alikuwa ameshaingia ndani ya geti.

Alikuwa mwanaume wa makamo, amevaa shati jeupe la kanisani lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Suruali ameikunja, na miguu ina vumbi jekundu mpaka magotini kama mtu aliyetembea kutoka mbali. Ndani ya geti, nakwambia. Hakuna aliyevuka lile geti toka siku ya msiba. Ungesema ningejiuliza. Ningejiuliza saa ngapi?

Nikamwamkia. Hakuitikia. Alikuwa anatazama gari.

"Hili ndilo gari la Mwalimu?"

Nikasema ndilo, nikamwambia Mama ameumwa na nyoka, nikamwomba kwa jina la Mungu anisukumie.

"Ngoja nilikague kwanza," akasema. "Niliambiwa haliwezi mlima."

Nilidhani ni mnunuzi. Watu wanasikia mwenye gari amekufa, wanakuja kunusa kama gari linauzwa, hiyo iko kila mahali. Nikamwambia mzee wangu, haliuzwi, na hata kama lingeuzwa leo si siku yake. Ni kama sikusema kitu. Akaanza kulizunguka.

Sijawahi kuona mtu anayekagua gari hivyo, na nimeona wengi. Wengi wanapiga teke tairi, wanajifanya wanasikiliza injini, wanaanza kuomba bei ipunguzwe. Huyu alipiga magoti akachungulia chini, akaangalia kwenye vumbi kama kuna tone. Akapitisha kidole kwenye kingo za milango kutafuta kutu. Akafungua boneti. Akachomoa kile chuma cha kupimia oili, akakifuta kwenye nyasi, akakirudisha, akakichomoa tena akakiinua kwenye jua.

"Alisema oili imeisha," akasema. "Mbona ipo."

Nani alisema? Sikuuliza. Nilikuwa nimeshika kichwa.

Akafungua kifuniko cha oili, akachungulia kama kuna ule utando mweupe unaoonyesha maji yameingia kwenye injini. Haukuwepo. Akaenda kwenye rejeta, akapapasa mipira yote mmoja mmoja, akabana viungio.

"Alisema rejeta inavuja. Mbona haivuji."

Nikamwambia mzee, nakuomba, mama yangu anakufa mle ndani. Akaniambia niingie nikanyage breki. Nikakanyaga, ili amalize tu. Akalisukuma kutoka nyuma, gari halikusogea hata kidogo.

"Alisema breki hazishiki."

Kisha akaja mbele, akaikandamiza kona ya boneti kwa mikono miwili akaiachia. Gari likaruka, likashuka, likaruka tena kama kitanda cha chuma. Akasema shokapu ndizo zimechoka, lakini hizo hazizuii safari. Hapo nikapasuka. Nikamwambia kama hutaki kusaidia toka, rudi huko kanisani kwa wenzako. Alinitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake hayakuwa mabaya. Yalikuwa yamechoka tu.

"Binti, mimi nilikuwa na haraka kuliko wewe, na nilisubiri."

Akaenda kwenye pipa la maji pale ukutani, akachukua kikombe chetu cha plastiki, akachota, akanywa. Akakirudisha juu ya mfuniko. Labda utaniona mjinga, lakini hapo ndipo nilimwamini. Toka Baba afe hakuna mdomo wa mtu mwingine uliogusa kikombe cha nyumba ile.

Akaingia kwenye kiti cha dereva ajaribu klachi na gia. Na hapa nilianza kuhisi ubaridi, jua likiwa vile vile. Zile shokapu nimekwambia zimekwisha. Mimi mwenyewe, ambaye shuleni walikuwa wananiita njiti, nikikaa gari linainama upande wangu. Mwanaume mzima aliketi pale, na gari halikushuka hata kidogo. Kama shati limewekwa kwenye kiti.

Alitoka akafunga mlango polepole.

"Gari zima," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepokea habari ya msiba. Kisha akaongeza, "Na mimi nina mgonjwa. Tutampitia pale Mutuka, ni njiani."

Ningekataa vipi? Nikamwambia sawa, yeyote, twende. Nikamtoa Mama ndani nimembeba mgongoni, nikamlaza kwenye kiti cha mbele nilichokiinamisha, mguu nikaunyoosha. Ulikuwa umefika saizi ya mtungi na rangi ya bilinganya. Alikuwa amefumba macho, anahema kwa mdomo. Hakumtazama yule mtu, hakutazama chochote. Nikamwekea dumu la maji pembeni, nikaingia, nikatia gia ya pili, nikakanyaga klachi. Yule mtu akasukuma. Peke yake, matairi yana upepo nusu, uani kuna mchanga. Kazi ya wanaume wanne. Gari lilitoka kama limesombwa na mto, nikaachia klachi, likawaka. Akaufungua ule mlango mbovu kwa nje, akaingia nyuma, akaufunga.

Tulipopita kwenye kona, yule bodaboda aliyekuwa Nakwa alikuwa bado pale. Alitutazama, akainamia simu yake.

Mutuka akaniambia nisimame sehemu ambayo hakuna nyumba. Ni shamba la mahindi tu, na katikati ya mahindi msingi wa mawe wa kibanda kilichobomoka zamani. Nilishuka nikamfungulia mlango, nikarudi kwenye usukani nikiikanyagia mafuta injini isizime. Nilimsikia akiongea taratibu kwa lugha ya nyumbani, yale maneno unayomwambia mgonjwa ukimnyanyua: polepole, nishike hapa, tumefika, sogeza mguu. Nikasikia mlango unafungwa.

Halafu gari likashuka.

Usinielewe vibaya, sisemi lilitikisika. Lilishuka nyuma kama limepakiwa magunia ya mahindi. Pua ikainuka, nikaanza kuona mbingu badala ya barabara. Nikageuka. Kiti cha nyuma kilikuwa na yeye peke yake, amejibana kabisa kwenye kona ili kumpisha mtu, na mkono wake umezunguka hewa.

Nikatazama mbele, nikaondoa gari. Wewe ungefanya nini? Wengi wananiambia wangetoka mbio. Kumbuka mama yangu ndiye aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni, na mama huwezi kumkimbia ukamwacha.

Mlima ukaanza. Kile kiinjini chetu, Mungu anisamehe, kilipiga kelele mpaka nilikionea huruma. Nikashuka gia ya pili, nikashuka ya kwanza. Kijana anayekokota baiskeli yenye magogo ya kuni alitupita, akatuchungulia kwa mshangao, maana alituona watu watatu na gari limeinama kama limebeba harusi nzima. Mshale wa joto ukapanda, ukapita pale pekundu. Moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye boneti. Nikasimama pembeni, nikaweka jiwe, na nikashuka kumfungulia yule mtu kwa sababu alikuwa anagonga kioo.

Alifungua boneti. Kila anayejua gari anajua kwamba rejeta ikichemka huigusi, itakubabua uso. Yeye aliushika ule mfuniko kwa kiganja kitupu akauzungusha. Mvuke ukamlipukia mkononi na shingoni, ukamfunika. Hakurudi nyuma. Hakupepesa macho. Akaja kwenye dirisha la Mama, mkono mkavu kabisa, hauna hata wekundu.

"Mama Paulo," akasema, "naomba hilo dumu."

Mama alifumbua macho. Alimtazama muda mrefu. Kisha akampa dumu mwenyewe, kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mnayeheshimiana naye.

Alipoenda mbele kumimina maji nilijiinamisha kwa Mama. Nikamwambia Mama, tuwaache hapa hapa, gari halibebi, tukiendelea hivi hatufiki na dawa inakusubiri. Nikamwambia akimaliza tu kumimina nalishusha kwa kurudi nyuma, naliwasha, naondoka.

"Nyuma unaona nani?" akaniuliza.

Nikasema hakuna mtu, lakini kuna mtu.

"Ni mke wake. Huyo ni Baba Lusia," Mama akasema. "Alikufa wewe hujaanza shule."

Akanieleza kwa vipande vipande, meno yanagongana kwa homa. Baba Lusia na mkewe walikuwa na nyumba pale kwenye yale mahindi. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa, akabatizwa Lusia, akafa siku hiyo hiyo. Wakatengwa. Mama wa huyo mtoto akabaki na homa na damu isiyokata. Hakuna aliyewasogelea. Yule baba akatembea kutoka Mutuka mpaka Singe kwa sababu alisikia Mwalimu amenunua gari. Alisimama nje ya geti, maana aliyetengwa haingii, akaomba apelekewe mgonjwa hospitali ya mlimani. Na baba yangu, mtu wa chaki, mtu wa kusoma somo la kwanza kanisani, alimwambia pole sana ndugu yangu, gari ni bovu. Oili imeisha. Rejeta inavuja. Breki hazishiki. Haliwezi mlima.

Wiki ile ile gari lilikuwa limekwenda Arusha na kurudi.

Baba Lusia alisema atasubiri, labda fundi atakuja. Akakaa nje ya geti. Baba akafunga pazia. Aliporudi Mutuka, mkewe alikuwa ameshakufa, na yeye hakuchukua muda akamfuata.

"Nilikuwa nimesimama mlangoni," Mama akasema. "Nilisikia yote. Nilijua gari ni zima, na sikusema."

Nikamwambia Mama, sawa, nimeelewa, tutawaombea misa, tutafanya kila kitu, lakini mguu wako. Tazama mguu wako.

"Leo sishushi mtu," akasema.

Nilimbembeleza. Nilimfokea, mama yangu mzazi, kando ya barabara. Akaushika usukani kwa mkono mmoja, hakuuachia mpaka Baba Lusia aliporudi, nikamfungulia, akaingia.

Nikaliachia lirudi nyuma likawaka, tukaendelea hivyo. Kidogo tunakwenda, kidogo linachemka, tunasimama, anashuka, anafungua kwa kile kiganja, anamimina. Kila tukisimama nilikuwa nausikia ule mguu kama saa inayogonga. Nyuma nilikuwa namsikia yeye akiongea polepole, vumilia, tunakaribia, gari ni zima. Alirudia hilo la gari ni zima mara nyingi sana. Mpaka leo sijui alikuwa anamfariji mkewe au anatuchoma sisi.

Tulipoingia kwenye geti la hospitali gari liliruka. Nyuma iliinuka ghafla mpaka nikagonga kidevu kwenye usukani. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu na mlango wa kushoto uko wazi. Mama mdogo alikuwa amesimama na machela, na neno lake la kwanza halikuwa pole. Alisema, "Mbona mmechelewa hivi?"

Tukamlaza Mama kwenye machela.

Dawa walimchoma. Mama alipona. Mguu walikata chini ya goti. Daktari hakumwambia yeye, aliniambia mimi kwenye korido, kwamba mngewahi kidogo labda tungeuokoa. Labda. Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo toka siku hiyo. Mama alipozinduka aliuliza kama wamefika wote. Nikamwambia wamefika. Akageukia ukutani akalala vizuri kama mtoto, na mimi nilimchukia kwa muda mfupi, nasema ukweli.

Kwa sababu mimi ningewashusha. Sijifichi. Ningewashusha pale mlimani na mama yangu leo angekuwa na miguu miwili. Aliyesema uongo ni Baba, na Baba amelala chini ya saruji nzuri yenye msalaba wa marumaru, watu wanapita wanasema Mwalimu alikuwa mtu wa watu. Aliyelipa ni Mama. Nani alipanga hivyo? Nimemuuliza padri. Aliniambia nisiamini mambo ya kishirikina. Nikamwambia, padri, basi njoo ulishike gari mwenyewe. Hakuja.

Muda wetu ukaisha, wazee wakaja wakasafisha nyumba, Mama akanyolewa. Siku hiyo hiyo mtaa mzima ulimiminika. Walikuja na vyakula, wakakaa kwenye viti vyetu, wakanywa kwa vikombe vyetu wakaomba viongezwe. Mama Felista akaingia jikoni bila hodi akafunua sufuria. Wakayatazama magongo ya Mama wakasema pole, kazi ya Mungu haina makosa. Yule bodaboda alisema Mama akitaka kwenda popote amwambie tu, atampeleka bure. Mama alimshukuru. Mimi nilitoka nje.

Gari nimejaribu kuliuza. Mama hataki, lakini ninahitaji kwenda chuo, na kiukweli sitaki kuliona tena pale uani. Wanunuzi wanakuja, wanafungua boneti, wanapenda. Betri nimeweka mpya, shokapu nimeweka mpya zote nne, injini inanguruma vizuri kuliko zamani. Halafu wanasema ngoja tulijaribu kwenye mlima. Na mlima wa karibu ni ule wa Mutuka. Wanarudi mapema kuliko walivyoondoka, wananipa funguo bila kunitazama. Mmoja alisema tu kwamba gari ni zito nyuma. Mwingine, kijana mpole wa kutoka Magugu, aliniuliza kwa adabu kwa nini sikumwambia mapema kwamba kuna mama mgonjwa wa kumpitia.

Nilimwambia Mama, mbona tuliwafikisha, wanataka nini tena? Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Akasema wewe ungeketi nje ya geti la mtu siku ile, ungetosheka na safari moja?

Kwa hiyo sikia, wewe unayesoma hapa na una gari lako, zuri au bovu. Akija mtu wa nyumba iliyotengwa akasimama getini kwako akaomba, mpe. Simama tu ukawashe. Sikwambii kwa huruma, huruma yangu iliisha kwenye korido ile. Nakwambia kwa sababu asipopanda akiwa hai, atapanda tu. Na siku ya kupanda atachagua mwenyewe, nayo itakuwa siku ambayo na wewe una mgonjwa.